Kabla ya kuongeza seva, likagueni jaribio lenyewe

Mhariri,

Gazeti lenu liliandika hivi karibuni kuhusu mfumo wa maombi ya mtandaoni uliolala saa chache baada ya kufunguliwa kwa umma. Msemaji wa taasisi husika alieleza mambo mawili: kwamba mfumo ulifanyiwa majaribio ya mzigo ukafaulu, na kwamba sasa wanaongeza seva. Yote mawili yamechapishwa bila swali. Mimi naishi kwa kazi hiyo hiyo ya kupima tovuti chini ya mzigo, na naomba nafasi nieleze kwa nini kauli hizo zilistahili kuulizwa zaidi. Nawaandikia pia vijana walioanza kazi hii, kwa sababu naona wakifundishwa kuendesha zana bila kufundishwa kuzitilia shaka.

Jaribio la mzigo ni programu inayojifanya kuwa watu mia, elfu au laki wanaofungua tovuti kwa wakati mmoja, huku wapimaji wakiangalia majibu yanachukua muda gani na makosa yanaanza lini. Zana zake zinapatikana bure: JMeter, k6, Locust na nyinginezo. Ndani ya nusu siku kijana anaweza kunasa safari ya mtumiaji mmoja kwenye kivinjari, akaigeuza skripti (orodha ya amri ambazo kompyuta inazirudia), akairudia mara elfu. Shida huanzia hapo, maana skripti iliyonaswa jana imebeba mambo ya jana.

Chukua fomu ya kawaida. Tovuti nyingi humpa kila mgeni tokeni ya siri (mfuatano wa herufi na namba) inayoambatana na fomu yake, na tokeni hiyo haina kazi kwa mgeni mwingine. Skripti ikituma tokeni ya zamani, seva inaikataa, lakini mara nyingine haitoi kosa. Inamrudisha mtumiaji kwenye ukurasa wa kuingia, na ukurasa huo unafika ukiwa na msimbo 200, ambao kwa zana ya kupimia maana yake ni kwamba mambo yamekwenda sawa. Zana inaandika ushindi na kuendelea na safari.

Niliwahi kuitwa kuhakiki ripoti ya namna hiyo. Ilikuwa safi kuliko kawaida: kosa hakuna, majibu ya haraka mno, grafu imenyooka kama rula. Niliomba jambo moja tu, tufungue hifadhidata, yaani ghala la rekodi za mfumo, tuhesabu maombi yaliyoingia wakati wa jaribio. Halikuwemo hata moja. Jaribio zima lilikuwa limepima jinsi seva inavyoonyesha ukurasa wa kuingia, na kwa kuonyesha ukurasa huo seva ilikuwa hodari kweli. Wenye mfumo walikuwa wamekwisha kuupangia siku ya ufunguzi.

Tangu hapo sikubali ripoti isiyokuwa na hesabu ya hifadhidata. Skripti ichote tokeni mpya kutoka kwenye jibu lililotangulia, na kila jibu likaguliwe kwa maneno yaliyomo, si kwa msimbo peke yake. Kama ukurasa wa mwisho unatakiwa kuonyesha namba ya ombi, skripti itafute namba hiyo, isipoiona ihesabu kosa. Jaribio likisema maombi 10,000 yamefaulu, hifadhidata iwe na rekodi mpya 10,000.

Kuna na udanganyifu mwingine wa upole: watumiaji bandia wote kuingia kwa jina moja, au kutafuta kitu kile kile kimoja. Mara ya kwanza seva inakwenda kwenye hifadhidata. Mara zote zinazofuata inajibu kutoka kwenye kache, yaani akiba ya majibu yaliyokwisha kutayarishwa. Kasi inapendeza, lakini hakuna mtu halisi atakayeionja. Ni vivyo hivyo kwa hifadhidata ya majaribio yenye rekodi mia mbili. Swali la hifadhidata lisilokuwa na faharasa (orodha ya kuipata rekodi bila kusoma zote) linapita humo bila mtu kujua, kwa sababu kusoma rekodi mia mbili moja baada ya nyingine hakuchukui muda. Peleka swali hilo hilo kwenye rekodi milioni tano uone.

Hayo ni majaribio yanayofaulu isivyo haki. Yapo pia yanayoshindwa isivyo haki, na haya ndiyo yanayoleta ugomvi ofisini. Mpimaji anasema tovuti imekufa, mtayarishaji programu anasema kwake inafunguka vizuri, na wote wawili wanasema kweli. Kilichokufa ni mashine inayozalisha mzigo.

Hesabu yake ni rahisi na ningependa kila kijana aifanye mwenyewe. Kwenye mfumo endeshi wa Linux, kila muunganisho unaotoka unahitaji poti ya muda, yaani namba ya mlango unaoutumia, na kwa mpangilio wa kawaida poti hizo huanzia 32768 na kuishia 60999. Jumla ni 28,232. Mashine inapofunga muunganisho, poti yake hukaa kando kwa sekunde 60 kabla ya kurudi kazini. Gawanya 28,232 kwa 60: unapata takriban miunganisho mipya 470 kwa sekunde kuelekea anwani moja na poti moja. Kama skripti yako inafungua muunganisho mpya kwa kila ombi (kila mara inapoiomba seva kitu) badala ya kutumia ule uliopo, mashine moja haivuki hapo kirahisi, hata tovuti unayoipima iwe na nguvu kiasi gani. Makosa yataanza kumiminika, nawe utaiandikia tovuti hati ya mashtaka.

Kikwazo kingine ni idadi ya faili. Kila soketi, yaani ncha ya muunganisho, huhesabiwa kama faili iliyofunguliwa, na mifumo mingi ya Linux inaipa programu kikomo cha 1,024 mpaka mtu akipandishe. Jaribio linalokwama karibu na watumiaji elfu moja kila mara, bila kujali unapima tovuti gani, lichunguzwe hapo kwanza. Na wanaotumia JMeter wasiendeshe mzigo mkubwa kupitia dirisha lake la picha huku wameweka sehemu za kuonyesha kila jibu. Dirisha hilo ni la kutengenezea na kusahihishia skripti. Maelekezo ya JMeter yenyewe yanasema mzigo uendeshwe kwa mstari wa amri. Kumbukumbu ya mashine ikijaa, programu inasimama kidogo kujisafisha, na sekunde hizo za kusimama zinaandikwa kwenye ripoti kama uzembe wa seva.

Njia ya kumjua mkosaji ni kugawa mzigo ule ule kwenye mashine mbili. Kama tovuti ndiyo iliyofika mwisho wa nguvu, jumla ya maombi kwa sekunde itabaki pale pale. Ikipanda, basi ulikuwa unapima mashine yako. Njia nyingine, ambayo haigharimu chochote, ni kufungua tovuti kwa mkono kutoka kompyuta ya tatu wakati jaribio linaendelea. Zana ikidai ukurasa unachukua sekunde nane nawe unaupata papo hapo, ucheleweshaji uko upande wa zana.

Tazama pia kama mzigo wako unafika unakodhani unafika. Maombi yote yakitoka anwani moja, ukuta wa usalama unaweza kuyaona kama shambulio na kuyakata, au kuyajibu kwa msimbo 429, kwamba umeomba mara nyingi mno. Kukiwa na seva kadhaa nyuma ya mgawaji anayezigawia maombi, na zana imekariri anwani moja tu, seva moja itazama huku wenzake wamekaa bure. Kwa hiyo angalia mizigo ya seva zote, si wastani wao.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua kuliko yote, yaani namba zinazotangazwa. Taasisi inasema mfumo umepimwa kwa watumiaji elfu moja. Namba hiyo peke yake haina maana. Mwaka 1961 mtafiti John Little alitoa uthibitisho wa kanuni ambayo kila mpimaji angepaswa kuijua kwa kichwa: watu walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuwasili kwao ukizidisha kwa muda ambao kila mmoja anakaa. Watumiaji 1,000, kila mmoja akisoma ukurasa kwa sekunde 9 na kusubiri jibu kwa sekunde 1, wanazalisha maombi 100 kwa sekunde. Ondoa zile sekunde 9 za kusoma, jibu likibaki la sekunde 1, na watu hao hao 1,000 wanazalisha maombi 1,000 kwa sekunde. Ni tofauti ya mara kumi, na ripoti zote mbili zitaandikwa "watumiaji elfu moja".

Halafu kuna jambo ambalo zana zenyewe hulificha. Katika mpangilio uliozoeleka, mtumiaji bandia hatumi ombi jingine mpaka ajibiwe la kwanza. Seva ikichoka, watumiaji bandia wote wanapunguza mwendo pamoja nayo. Wanaiacha ipumue wakati ule ule ambapo watu halisi wangezidi kumiminika. Mhandisi Gil Tene ameueleza upungufu huu kwa miaka mingi. Ni kama kupima foleni ya dirishani kwa kumtuma mtoto mmoja aende na kurudi: akikwama huko nusu saa, daftari lako litaandika kuchelewa mara moja tu, wala halitajua waliosimama nyuma yake.

Namba zake ni hizi. Jaribio la dakika kumi, ombi moja kila sekunde, na katikati seva inaganda kwa dakika nzima. Zana itaandika maombi kama 540 ya haraka na moja la polepole. Hilo moja ni chini ya asilimia 0.2 ya yote, kwa hiyo hata ukiangalia muda ambao asilimia 99 ya maombi yalijibiwa ndani yake, kipimo tunachokiamini sana, utaona mambo shwari. Lakini kama watu wangefika kwa utaratibu wa mmoja kila sekunde, 60 kati ya 600 wangeikuta seva imeganda. Mtu mmoja kati ya kumi! Tiba ipo. Zana kama k6 na Gatling zinakuruhusu kuagiza watu wangapi wawasili kwa sekunde, badala ya watu wangapi wawemo ndani. Kwa tovuti iliyo wazi kwa umma, tumieni njia hiyo.

Wastani nao uondolewe kwenye kurasa za mbele za ripoti. Maombi 98 yakijibiwa kwa sekunde 0.1 na mawili kwa sekunde 20, wastani ni kama nusu sekunde, namba ambayo haikumpata mtu yeyote kati ya wote mia.

Kwa hiyo, Mhariri, waandishi wenu wanapoambiwa kwamba mfumo ulipimwa, naomba waulize: watu wangapi kwa sekunde, kwa muda gani, hifadhidata ikiwa na rekodi ngapi, na asilimia 99 ya maombi ilijibiwa ndani ya muda gani? Aliyepima kweli ana majibu mezani. Waulize pia ni safari ipi iliyopimwa. Marekani ilipofungua tovuti ya bima ya afya ya HealthCare.gov tarehe 1 Oktoba 2013, wageni walilazimika kufungua akaunti kabla ya kuangalia mipango ya bima. Watu ambao wangeweza kuchungulia bei na kuondoka wakasukumwa wote kwenye mlango mmoja wa usajili, mlango ukaelemewa. Kumbukumbu za ndani zilizotolewa baadaye zilionyesha kwamba siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha kwenye bima walikuwa sita. Ukurasa wa mbele unaweza kubeba dunia nzima; mtu anakwama kwenye hatua ya pili.

Makosa yenyewe yakianza, yasomwe moja moja. Vijana wengi huyajumlisha yote kuwa asilimia moja ya makosa, wakapoteza habari yote iliyokuwemo. Muunganisho ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida ina maana hakuna programu inayosikiliza kwenye poti ile, pengine imekufa. Ukisubiri bila jibu lolote, pakiti (vipande vya data) zinatupwa njiani, na ukuta wa usalama au foleni iliyojaa ndio wa kuulizwa. Msimbo 502 unasema seva ya mbele ilipata jibu bovu au haikupata la maana kutoka kwa programu iliyo nyuma yake; 503 kwamba huduma haipo kwa sasa; 504 kwamba seva ya mbele imengoja mpaka ikachoka. Na ukiona majibu mengi yamerundikana kwenye sekunde 60 kamili, au 30 kamili, jua kuna mtu aliandika namba hiyo kwenye faili la mipangilio. Kwa nginx, programu inayotumiwa sana kama seva ya mbele, sekunde 60 ndicho kikomo cha kawaida cha kuisubiri programu ya nyuma. Kazi halisi haimalizwi kwa sekunde 60 kamili mara mia tatu mfululizo.

Dalili inayopotosha kuliko zote ni ile ya seva tulivu. Muda wa majibu unapanda kutoka sekunde moja hadi tano hadi ishirini, lakini prosesa inafanya kazi kwa asilimia 20 tu na kumbukumbu imebaki tele. Hapo ndipo maneno ya kuongeza seva yanapotoka, na hapo ndipo yanapoleta madhara. Seva tulivu yenye majibu ya polepole ni seva inayosubiri kitu, na kwa uzoefu wangu kitu hicho aghalabu ni hifadhidata.

Fuatilia hesabu tena. Programu haifungui muunganisho mpya wa hifadhidata kwa kila mgeni. Inaweka akiba ndogo ya miunganisho ambayo wageni wanapokezana. HikariCP, chombo cha kutunza akiba hiyo kinachotumiwa sana na programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java, huweka akiba ya miunganisho 10 isipoelekezwa vinginevyo. Kila ombi likishika muunganisho kwa sekunde moja, seva hiyo haiwezi kuhudumia zaidi ya maombi 10 kwa sekunde, na prosesa yake itabaki baridi siku nzima. Kwa upande wa pili, hifadhidata ya PostgreSQL kwa mpangilio wa kawaida hukubali miunganisho 100, na kati ya hiyo hujiwekea 3 kwa ajili ya msimamizi mkuu. Zinabaki 97. Seva tisa za programu zitachukua 90. Seva ya kumi itapata saba na kuanza kukataliwa, na kila unayoiongeza baada ya hapo haina inachopata. Taasisi imelipia seva mpya, na idadi ya makosa imepanda.

Tena, kupandisha kikomo cha hifadhidata bila kuuliza kwa nini ombi moja linashika muunganisho kwa sekunde nzima ni kuhamisha foleni kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Nimekuta mfumo ambao kila ombi lilipewa namba ya mfuatano kutoka kwenye rekodi moja ya jedwali dogo. Kila mwombaji aliifunga rekodi ile, akaisoma, akaongeza moja, halafu akaendelea na kazi nyingine ndefu, hadi kutuma barua pepe, kabla ya kuifungua. Watu wote wa mfumo ule walipita kwenye rekodi moja, mmoja mmoja. Hakuna idadi ya seva ambayo ingesaidia. Iliyosaidia ni kuhamishia utoaji wa namba kwenye mfuatano wa hifadhidata yenyewe, na kuituma barua pepe baadaye, nje ya muamala, yaani baada ya rekodi kufunguliwa. Tuligundua kwa kuiuliza hifadhidata, katikati ya mzigo, nani anamsubiri nani. Karibu kila hifadhidata ina jedwali la kujibu swali hilo, na ni watu wachache mno wanaolifungua wakati jaribio linaendelea.

Ndiyo maana nasisitiza kupandisha mzigo hatua kwa hatua, kusimama dakika kadhaa kila hatua, na kuandika kila kitu kwa saa zilizolinganishwa kwenye mashine zote. Mzigo ukimwagwa wote kwa mkupuo, kila kitu kinaanguka pamoja na hujui kilichotangulia. Dakika za mwanzo zisihesabiwe, kwa sababu kache ni tupu na programu za Java bado hazijapata moto. Kisha liwepo jaribio moja refu, la saa nyingi, kwa mzigo wa kawaida tu. Kumbukumbu inayovuja na diski inayojazwa na logi hazionekani ndani ya dakika kumi. Zinaonekana usiku wa manane, mfumo ukiwa umeshakabidhiwa.

La mwisho ni usalama wa watu wengine. Mfumo unaopimwa huzungumza na mifumo mingine: ya malipo, ya ujumbe wa simu, ya barua pepe, ya kuhakiki utambulisho. Waarifuni wenyewe kabla, au weka mahali pao seva ya kuigiza inayojibu kwa kuchelewa kama wao, maana ikijibu papo hapo itakupa tena kasi isiyokuwepo. Na kama hifadhidata ya majaribio ilinakiliwa kutoka kwenye ile halisi, badilisheni kila anwani ya barua pepe na kila namba ya simu kabla ya kuwasha chochote. Mwombaji anayeamshwa na ujumbe mia mbili kwamba ombi lake limepokelewa, wakati hajaomba kitu, hana kosa lolote katika kazi yetu.

Wenu,
Mpimaji wa mifumo ya tovuti